Chuma Alichokieleza Mama Xaveria

Mektilda, ambaye kijiji chote cha Bonga tulimwita Mama Xaveria, alikuwa karani wa kijiji na mtu pekee kwetu aliyeweza kuandika barua ya Kiingereza ikaeleweka. Alijivunia hilo, tena sana. Ukizungumza naye ovyo alikurekebisha hata Kiswahili chako.

Mwaka 1983 mashine ya kijiji ya kusaga ilizimika. Sabuni hakuna, dizeli ya kubahatisha, spea ndiyo usiseme. Tukarudi kwenye jiwe, viganja vyangu vikachubuka mpaka nikashindwa kufua. Wafadhili wa ng'ambo waliotupa ile injini wakakubali kutuma chuma badala ya kile kilichovunjika, kimoja tu, mradi waelezwe vizuri, maana namba za injini zilikuwa zimefutika.

Mektilda akaketi nje ya ofisi na Sadallah, fundi wa mashine.

"Ni chuma kipi?"

"Kile kinachoshika springi."

"Springi ziko nyingi, Fundi. Ipi?"

"Inayofunga valvu."

"Valvu ipi?"

"Inayotoa moshi. Mama Xaveria, unanihoji kama polisi!"

Mektilda akayaunganisha yote katika sentensi moja ya Kiingereza, kila kitu kikifuatwa na kazi yake, ili msomaji asije akashika springi nyingine. Kisha akakilaza kile chuma juu ya karatasi, akapitisha penseli pembeni mwake. Barua ikaondoka posta ya Babati.

Wiki tatu baadaye Sadallah alipita ofisini akicheka. "Ulichora kazi yangu vizuri. Kile chuma nilikichonga mwenyewe mwaka juzi, kutoka kwenye plau bovu."

Mektilda hakucheka. Siku zile redio ilitaja wahujumu uchumi kila jioni, na watu walikuwa wakichukuliwa. Jina lililokuwa chini ya barua ile ni lake. Wangetuma kitu kinachofanana na kipande cha plau, mashine ingebaki kimya, na kijiji kingeuliza ni nani aliyeiua. Aliogopa mpaka akakonda. Gari la serikali likipita barabara ya Dodoma, aliacha kuandika akasikiliza kama litapunguza mwendo. Aliponisimulia, nilimshauri akamweleze ukweli mwenyekiti, Mzee Aniceti. Akaniambia niende nikasage mahindi yangu.

Kifurushi kilifika Novemba, kikafunguliwa mbele yetu sote. Chuma kilikuwa kifupi, chenye matundu mawili, hakikufanana na mchoro hata kidogo.

"Mbona sicho?" akauliza Mzee Aniceti.

Ndani mlikuwa na barua fupi. Mektilda akaisoma na kututafsiria: mchoro hawakuuelewa kabisa, lakini maelezo yalikuwa wazi, na injini yao ina chuma kimoja tu kinachofanya kazi hiyo.

Sadallah akakifunga. Akazungusha hendeli mara mbili, mashine ikanguruma, wanawake tukapiga vigelegele. Mektilda alilia mbele za watu bila aibu. Kisha akamvuta fundi kando. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Fundi, humo ndani kuna kingine ulichochonga?"

Sadallah akafuta mikono yake taratibu.

"Mama Xaveria, uliza ambacho sikuchonga."