Mzee Mmaori Aliyelegeza Nyuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya zamani Jeppestown tuliyofanyia mazoezi, nilipewa gitaa la kusindikiza, lile linaloshikilia mdundo wakati solo linatamba. Kiongozi wa bendi alikuwa Mmaori wa New Zealand, mzee wa miaka themanini na ushei, kati ya Wamaori wa kwanza kupiga rock and roll mjini kwao.

Kila akienda kunywa chai alizungusha vigingi vya gitaa lake na kulegeza nyuzi. Alizikaza kwa namna yake na hakutaka tuijue. Nikasema, huyu anatuona wezi. Na mimi nikamshuku. Nilikuwa na wimbo wangu, niliotunga kwa mdundo wa bibi akitwanga sombe, majani ya muhogo, kule Bukavu. Nikaanza kulegeza zangu pia. Akacheka.

"Umejifunza," akasema. "Ujanani nilipiga, wazungu wakasikiliza mlangoni, wakarekodi. Kisha watu wakaniuliza mbona nawaiga."

Sikumwamini.

Nilipomzaa Neema, meneja alinipa mapumziko nisiyoyaomba. Narudi, mtoto mgongoni, nakuta mpiga gitaa mpya anaupiga wimbo wangu wote. Nikamvaa mzee mbele ya bendi, nikamwita mwizi. Aliyejibu ni meneja, tena bila aibu.

"Maman Neema, si uliuweka mwenyewe kwenye status ya simu yako ukimbembeleza mtoto? Huo ni wa wote sasa. Wewe kanyonyeshe."

Eish. Nyuzi nililegeza, simu nikaisahau.

Jumapili mchana nilikwenda ukumbini Marshalltown kuona kama watathubutu. Meneja akautangaza wimbo kuwa wake. Mzee akakaa kitini, akalegeza nyuzi zote sita, moja moja, mbele ya kipaza sauti. Bendi ikakwama. Akaachishwa kazi palepale, na mimi nikaambiwa nisirudi.

Ndivyo nilivyostaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Ninyi mnaoanza msiniulize kama nimesamehe. Bendi ya meneja bado inaupiga wimbo wangu, na yeyote anayenisifia gitaa namwangalia mara mbili.

Wiki iliyopita mzee alikuja kwangu. Radhi sikumwomba kwa mdomo, nilimpikia sombe. Alipiga kidogo, Neema akacheza, kisha mzee akainuka kwenda jikoni kupasha chai. Nikasubiri mkono wake uende kwenye vigingi. Aliliegemeza gitaa ukutani kando yangu, nyuzi zimekazwa vilevile, akaenda.