Siku Mume Wangu Alipoanguka kwa Adabu

Mume wangu alianguka sebuleni mchana kweupe, mkono kifuani, macho juu.

Kabla ya kuanguka aliweka kikombe cha chai mezani. Akasogeza na mto wa kochi. Mimi sikushtukia kitu, kiwewe kilishanipanda.

"Mama watoto, nakufa!"

"Hafi mtu hapa! Nyanyuka twende hospitali!"

Jamani, si nilishamwambia moyo utamsumbua? Yule bwana ana kitambi kinachoingia mlangoni kabla yake.

Mimi ni fundi cherehani, mwembamba wa kupeperushwa na feni. Ugonjwa wangu ni mmoja tu, baridi yabisi. Vidole vimepinda, asubuhi kufunga kifungo ni vita. Dawa za hospitali niliziacha nilipopata nafuu. Maumivu yakirudi, nanunua vidonge dukani, natafuna kila siku kama pipi.

Siku za karibuni bega la kushoto na taya vilikuwa vinauma. Nikasema ni baridi yabisi hiyo hiyo. Kwetu sisi, hata ukucha ukiuma mshtakiwa ni yeye.

Hospitalini, chumba cha daktari kilikuwa ghorofani. Mgonjwa wangu akapanda ngazi kama anakwenda harusini. Mimi nikasimama katikati, nimeshika ukuta, jasho linanitiririka.

"Nakusubiri wewe," nikamwambia.

Naye alishafika juu.

Daktari, binti mdogo tu, akampima presha, akamfunga nyaya za kupima moyo.

"Baba, moyo mzima. Punguza tumbo."

Nikawaka. "Mpime tena! Huyu alikuwa anakata roho!"

Mume wangu akajikohoza. "Daktari, mpime na mwenzangu. Akipanda ngazi anahema. Akitembea bega linamuuma, akikaa linaacha."

Nikamkata jicho. Nani kamtuma?

"Ni baridi yabisi tu, daktari, kila siku natafuna vidonge vya dukani," nikasema.

"Basi ndiyo sababu zaidi ya kukupima, mama."

Nikafungwa nyaya. Yule binti akatazama karatasi, akaacha kutabasamu.

"Moyo wako haupati damu ya kutosha. Baridi yabisi haiishii vidoleni, mama. Inaharibu na mishipa ya damu. Presha yako nayo iko juu, na vile vidonge vya kila siku vinaichochea."

"Lakini mimi ni mwembamba!"

"Wembamba haukukingi."

Niliogopa, sitawadanganya. Niliwaza wanangu, nikashindwa hata kubisha, na mimi kubisha ndiyo kipaji changu. Nikalazwa siku ile ile.

Jioni mume wangu akaniletea nguo.

"Na kifua chako?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Hakijawahi kuniuma."

"Nini?"

"Ningekuambia twende ukapimwe, ungekwenda?"

Nisingekwenda.

"Kila siku nakuona ukisimama njiani," akasema. "Nilikuwa naogopa kukuzika."

Nikamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Kisha nikamshika mkono, tukalia wote wawili mpaka muuguzi akaja kuuliza nani kafa.

Sasa namsikiliza daktari. Dawa za baridi yabisi nimezirudia, za moyo nameza, vidonge vya duka nimevipa talaka.

Ndugu yangu mwenye baridi yabisi, ukienda kliniki ulizia na moyo. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako. Si kila mtu ana mume anayejua kuanguka.