Ujumbe Mzima wa Bernado

Pelagia Kwangu hajawahi kumwogopa mkuu wa shule, na wakuu aliofanya nao kazi wamefika sita. Wa sita ndiye Machage, mtu wa suti hata jua likiwaka, anayeongoza sekondari moja ya binafsi pale Kamunyonge, Musoma. Huyu alikuja na orodha ya viunganishi vya Kiingereza thelathini na viwili, akaibandika kila darasa, akaagiza wanafunzi waikariri kama sala. Pelagia, mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha nne, aliisoma orodha ile hadi mwisho, kisha akaendelea kufundisha vile vile alivyokuwa akifundisha.

Tena alikuwa na sababu. Alizaliwa Kisorya, upande wa Bunda, kivuko cha kwenda Ukerewe kinapoondokea. Utotoni mwake simu ilikuwa kitu cha wenye nazo, na habari za ukoo zilivuka ziwa mdomoni mwa mtoto. Bibi yake alikuwa na utaratibu wake. Kabla hujapanda kivuko, unasimama mbele yake na kurudia ujumbe mzima, kila jambo na "kwamba" yake: kwamba dagaa wamekauka, na kwamba mjomba aje kuwachukua, lakini kwamba asije na yule mke wake mdogo. Ukiruka moja, unaanza upya. Ukiuliza kama hilo la mke mdogo ni lazima lisemwe, unaambulia kofi, maana bibi hakumtuma mtu akachague la kusema.

Basi Pelagia akauhamishia utaratibu huo darasani. Mwanafunzi mmoja anatumwa jikoni kwa mpishi, anaambiwa mambo manne, anarudi kuyaeleza kwa Kiingereza. Aliwafundisha kwamba katika mazungumzo ya kila siku Waingereza huimeza "that" ya kwanza. Unasema fulani alisema amechoka, bila "that", na hakuna anayekosa usingizi. Lakini ukiunga jambo la pili kwa "and" au "but", irudishe hiyo "that", ili msikilizaji ajue bado ni maneno ya aliyekutuma, si yako wewe. Machage alipita dirishani siku mpishi alipotuma habari za maharage yaliyoungua.

"Madam, hii ni shule au ni soko?" aliuliza.

"Sokoni watu wanaelewana, Mkuu," Pelagia alimjibu, na darasa zima likainamia madaftari kuficha kicheko.

Jumamosi mchana alifundisha watu wazima bure. Hodari wao alikuwa Bernado, mlinzi wa geti, mzee wa miaka hamsini na miwili kutoka Butiama. Alipoulizwa Kiingereza cha nini uzeeni, alisema, "Wageni wakija getini nakuwaga kama bubu. Nimechoka." Kwenye zoezi la ujumbe hakuna aliyemfikia. Ungempa mambo saba, angekuletea saba.

Mwezi wa nane Machage akaamua kumnyang'anya Pelagia kidato cha nne. Watoto hao alikuwa nao tangu kidato cha kwanza, na mtihani wa taifa ulibakiza miezi mitatu. Kuwapoteza wakati huo kungemuuma kuliko kufukuzwa kazi, na Machage alilijua hilo vizuri. Ila kumwambia uso kwa uso hakuthubutu. Alimwita Bernado ofisini na kumpa maagizo kwa Kiingereza, kama kawaida yake ya kuonyesha usomi.

Walimu walikuwa kwenye chai Bernado alipoingia. Alivua kofia, akasimama wima mbele ya Pelagia, akasema kwa Kiingereza safi: Mkuu amesema kidato cha nne atakichukua Mwalimu Ryoba kuanzia Jumatatu, na kwamba urudishe ufunguo wa kabati la vitabu leo, lakini kwamba usijue wazazi wameandika barua wakitaka ubaki.

Ryoba aliishusha chapati yake taratibu. Hata yeye alikuwa hajaambiwa.

"Na hilo la mwisho umetumwa?" Pelagia aliuliza.

"Madam, Mkuu ameongea maneno matatu. Wewe unatuambiaga tusiache kitu," Bernado alisema. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, na mpaka leo hakuna ajuaye kama alipitiwa au alikusudia.

Hasira ilimpanda Pelagia. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akiyapanga maneno. "Sasa chukua majibu," alisema. "Mwambie nimesikia, na kwamba ufunguo sirudishi, na kwamba barua hiyo naitaka mbele ya bodi, lakini kwamba akikugusa wewe kwa ujumbe huu, ataanza na mimi."

Bernado aliyarudia yote bila kuacha neno, akavaa kofia, akaenda.

Bodi ilikaa Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa Mama Rebeka, mkulima wa pamba kutoka Bunda, mwanamke asiyependa maneno mengi. Machage alieleza kwamba hakuna barua yoyote, na kwamba mlinzi hajui Kiingereza, amechanganya mambo.

"Baba, hebu tuambie ulichotumwa," Mama Rebeka alimwambia Bernado. Naye akakitoa kwa Kiswahili, mambo yote matatu, kwa mpangilio ule ule.

"Mkuu, hapo amekosea wapi?"

"Amekosea hilo la tatu," Machage alisema kwa ukali. "Hilo nilimwambia asilifikishe."

Machage aliyasikia maneno yake mwenyewe baada ya kila mtu kuwa ameshayasikia. Mama Rebeka alinyoosha mkono tu, na barua ikatoka mfuko wa ndani wa koti la Mkuu, imekunjwa mara nne.

Iliposomwa, bodi iliamua Pelagia abaki na darasa lake. Ila mjumbe mmoja alitaka amani. Akashauri Madam amwombe Mkuu radhi kidogo kwa yale majibu yake makali, yaishe.

Pelagia alisimama. "Siombi," alisema. "Yale majibu niliyafikiria kabla sijayatuma, na yamefika kama nilivyoyatuma. Kama kuna neno Mkuu hakulielewa, Bernado yupo hapa, atamrudishia."

Machage alitazama meza. Hakuomba arudishiwe.