Radhi Iliyofungiwa Kwenye Kompyuta

Kwenye steshenari yangu pale Ngamiani, hakuna flashi iliyofunguliwa bila kupimwa kwanza. Mteja alisimama ubavuni kwangu, nikaichomeka, nikaiambia antivirasi iipekue, na mpaka alama ya kijani itokee sikugusa faili hata moja. Watu walipenda kuona hivyo. Walikuwa wakipita maduka mawili matatu kuja kwangu, wanasema yule mama ana kompyuta safi. Na mimi, sifichi, nilijiona. Wenzangu mtaani mashine zao zilikuwa balaa tupu, ukienda kutoa kopi unarudi na virusi nyumbani.

Ila antivirasi yenyewe ilikuwa ya kuchakachua. Fundi mmoja aliyetuzungukia madukani alituwekea, kwa sharti moja: tusiiapdeti hata siku moja, maana ikiwasiliana na kwao ilikotoka itajulikana haijalipiwa, na itazimwa. Nikazima apdeti. Miaka mitatu alama ikatoka kijani kila siku, nami nikaridhika.

Nilikuwa naishi na mama, mgonjwa, nyumba hiyo hiyo, duka likiwa chumba cha mbele. Mama alizaa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu alikuwa Wete, Pemba, kwa wakwe zake, mwaka wa nane hajakanyaga kwetu. Yeye na mama waligombana kwa sababu ya mke. Mama alimkataa yule msichana, mdogo wangu akamjibu neno barazani, mbele za watu, neno ambalo siliandiki hapa. Mama akamwambia, "Radhi zangu huna." Kwetu hilo si la kutamka tu likapita. Mtu asiye na radhi za mama yake ataswali mpaka paji la uso liote sugu, na bado moyo wake hautulii. Mdogo wangu alioa, akazaa, akalima. Kila nilipompigia simu, salamu zikiisha, swali lilikuwa moja: "Dada, mama hajasema kitu?"

Siku moja baada ya alasiri mama akaniita, akaniambia niwashe simu nimrekodi. Akajiinua, akaufunga mtandio wake vizuri, akasema. Dakika mbili hazikutimia. Alimwita mdogo wangu kwa jina lake la utotoni. "Mwanangu, nimekusamehe, na wewe unisamehe, maana na mimi nilikosa. Radhi zangu zote unazo, wewe na mkeo na wajukuu zangu ambao sijawaona." Akakohoa, akacheka kidogo, akaniuliza, "Imeingia?"

"Imeingia, mama."

"Haya, mpe."

Sikumpa. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikaihamishia ile sauti kwenye kompyuta ya dukani, nikaifuta kwenye simu, nikajisemea: aje mwenyewe. Mimi ndiye ninayemgeuza mama kitandani, mimi ndiye ninayemuogesha, halafu yeye akae huko aletewe radhi kiganjani? Thubutu! Aje amshike mama miguu. Nikampigia nikamwambia mama anakuita, njoo, na sababu sikumpa. Masikini, aliogopa. Alidhani anaitwa kulaaniwa mara ya pili. Akasema atakuja msimu wa karafuu ukiisha.

Mama hakuufikia mwisho wa msimu. Alifariki asubuhi, tukamzika alasiri siku ile ile, na siku hiyo hakukuwa na boti ya kutoka Pemba. Mdogo wangu alilia kwenye simu mpaka mkewe akaichukua. Hata hapo ningeweza kumtumia ile sauti. Badala yake nikamwambia, "Mama amekuachia neno. Njoo kwenye arobaini utalisikia kwa sauti yake." Nilitaka alisikie mbele ya ndugu wote, wamwone aliyechelewa. Hasira hiyo niliifuga mwenyewe, sikusukumwa na mtu.

Wiki ya tatu nilifungua duka. Akaja mteja wangu, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, binti niliyemzidi umri kwa mbali, kuchapisha mitihani.

"Shikamoo, dada. Poleni na msiba."

"Marahaba, tushapoa."

Akatazama kioo cha kompyuta, uso ukabadilika. "Dada, hii antivirasi umeiapdeti lini? Imetangazwa kuwa ina tundu. Mtu mbaya anatengeneza faili, wala halihitaji kufunguliwa. Antivirasi ikilipekua tu, linapenyea humo humo. Na kwa kuwa antivirasi imeruhusiwa kugusa kila kitu, na lenyewe linagusa kila kitu."

Nikamjia juu. "Kwa hiyo niitupe? Nihamie ipi? Hiyo nyingine haina matundu?"

"Zote hukutwa na matundu, dada," akasema kwa upole. "Si lazima uhame. Hawa waliotengeneza hii yako wameshaliziba la kwao, wewe apdeti tu. Anayepaswa kuhama ni yule ambaye watengenezaji wake hawazibi, au yule asiyeweza kuapdeti."

Asiyeweza kuapdeti nilikuwa mimi, na niliona haya kusema kwamba natumia kitu cha wizi. Nikamwambia, "Mwanangu, hii imenilinda miaka mitatu, usinitishe." Akaniomba basi angalau vitu vyangu vya maana nivitolee nakala kwenye diski, kisha niichomoe, niiweke kabatini. Nikamjibu nakala ninayo. Nilikuwa nayo kweli, kwenye diski ya pembeni iliyokuwa imechomekwa usiku na mchana. Kumbe kuichomoa ndiko kulikokuwa na maana, mimi sikumwelewa. Akachukua mitihani yake akaenda.

Siku nne kabla ya arobaini, mteja alileta flashi yenye kadi za harusi. Nikaipima kama kawaida yangu, yeye amesimama pembeni anatazama. Upekuzi ukakwama katikati. Kisha mafaili yangu yakaanza kubadilika majina, moja baada ya jingine, machoni pangu, na maandishi yakajitokeza yakidai malipo. Nilichomoa waya ukutani. Nilikuwa nimechelewa.

Fundi niliyemwita, siyo yule wa kuchakachua, alikaa na kompyuta ile siku mbili. Sauti ya mama ilikuwemo, jina lake limegeuzwa, na haifunguki. Kwenye diski vile vile. Kwenye simu, pale nilipoifuta, nilikuwa nimeshajaza picha za msiba juu yake. "Mama, flashi ile hukuifungua," fundi akaniambia. "Uliipima tu. Iliingia pale pale ulipoipima."

Mdogo wangu alifika siku ya arobaini. Alisimama barazani kama mgeni mpaka alipokaribishwa ndani. Hitima ilipokwisha na watu kupungua, akanifuata jikoni. "Dada, nimekuja. Nisikilizishe."

Nikamweleza yote. Nikampa maneno ya mama neno kwa neno, nayajua kwa moyo, pamoja na kile kikohozi. Nikamwapia. Alinisikiliza macho yake sakafuni.

"Hata kipande kidogo hakipo?"

"Hakipo."

Akasema, "Dada, unakumbuka mama alipokuwa akinichapa? Ulikuwa ukija kitandani kwangu ukiniambia mama amesema yameisha, amesema anakupenda. Asubuhi nikienda kwake nakuta hajasema kitu." Akaniwekea mkono begani. "Nashukuru. Hujabadilika."

"Wallahi alisema! Wallahi safari hii alisema!"

"Basi, dada, basi. Nimeamini."

Hakuamini. Namjua, nimemlea. Kesho yake, kabla ya kwenda bandarini, alitaka kupita makaburini, nikamsindikiza nikabaki nje ya ukuta. Alichutama kichwani pa mama, akasoma, akamaliza. Nikajua atasimama tuondoke. Badala yake akaushika mchanga kwa mikono miwili, na nikamsikia vizuri kutoka pale nilipokuwa. "Mama, nipe radhi. Mama, nipe radhi zako." Aliyarudia maneno hayo mpaka sauti ikakauka, nami nikawa nimesimama ukutani.