Marehemu Aliyezibua Kisima cha Abuku

Hiki si kisa cha kusikia kwa watu. Kimenipata mimi mwenyewe, macho makavu, na kabla hujacheka, jua kwamba niliamini kwa moyo wote, cheti cha shule ya jioni kikiwa mfukoni: Mzee Ezati wa Ayivu alikuwa amekufa. Nyoka alimgonga Kongo, wakamzika, akaoza vizuri kabisa, kisha akachoka kulala akarudi kuchukua baiskeli yake. Yule tuliyemwona barabara ya Arua kwenda Koboko, kofia ya majani kichwani, alikuwa maiti mwenye pedali. Na maiti yule alikusanya majina. Akitaja lako, mtama wa mwaka ule utavunwa na wengine.

Ushahidi? Tulikuwa nao wa kujaza lori tatu. Ukimwita kwa nyuma haitiki, na nani asiyejua kwamba wafu hawaitikii salamu? Anayajua majina ya babu zako hadi wa saba, wakati wewe mwenyewe unakwama kwa wa tatu. Zamani alibeba daftari. Askari wa kizuizi cha barabarani walipolichana wakidhani ni orodha ya maadui, aliendelea kuzunguka mikono mitupu, na bado hakusahau hata mtu mmoja. Lakini kubwa kuliko yote, lililotumaliza ubishi, ni hili: alifanya kazi ya koo zisizo zake, bila pombe. Niamini, kwetu Abuku hata kung'oa kisiki kimoja lazima mtungi wa pombe ya kwete uwe umekaa kivulini, na wanaokuja wawe wa ukoo wako. Yeye Mlugbara wa Ayivu anakuja kwetu Wakakwa, anafyeka njia ya makaburi, anasimamisha mawe yaliyoanguka, anapatanisha watu juu ya mipaka, kisha anapanda baiskeli anaondoka na kiu yake. Mtu aliye hai atafanya hivyo? Tukacheka. Nilimdharau hata akiwa maiti: zee lisilo na cheti, linajiita mwandishi wa historia!

Mwaka ule, katika miaka ya serikali ya jeshi, Bibi yangu alinitumia salamu Arua kwamba jirani anataka shamba lake la mihogo, lile lenye kaburi la Babu. Jirani alikuwa na shemeji jeshini, na mtu mwenye shemeji jeshini hahitaji ukweli. Nikapanda lori nikafika.

"Kesi iko kesho asubuhi kwa chifu," Bibi aliniambia. "Mimi natangulia leo, miguu yangu mibaya. Mzee Ezati atapita hapa. Wewe umulete. Yeye peke yake anajua nani alizikwa wapi, na chifu anamuheshimu."

"Bibi, huyo mtu iko kufa zamani."

"Kama iko kufa, atakuja taratibu. Umungojee."

Akajifunga kitenge chake kizuri akaondoka.

Mnataka niseme ilikuwa usiku wa manane, bundi analia? Ilikuwa saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na nilikuwa nateremka bondeni kwenda penye kwete kwa sababu kungojea maiti kunakausha koo. Nikapita karibu na kisima chetu, kile kilichojaa tope tangu mwaka juzi, kila ukoo ukingojea ukoo mwingine ukizibue.

Ardhi ikafunguka. Kikatoka kichwa, cheupe. Yakafuata mabega, meupe. Kikasimama kitu kizima, cheupe kama kaburi lililopakwa chokaa, urefu wake, sidanganyi, ulifika kwenye matawi. Na kilikuwa kinasema, polepole, kama mtu anayesali:

"Wani aliyezaliwa na Duku. Duku aliyezaliwa na Yengi. Yengi aliyelala chini ya jiwe la mashariki..."

Wani ni babu yangu! Kilikuwa kinapanda ukoo wangu ngazi kwa ngazi. Nikapiga kelele, "Mzee Ezati!" Hakikuitika. Nikapiga tena. Hakikugeuka. Halafu kikaanza kushuka: Wani akamzaa baba yangu, baba yangu akazaa... kikataja jina langu.

Nilikimbia nikapita viatu vyangu. Nilifika penye kwete nikiwa sina sauti ila moja: "Iko kisimani! Imetaja mimi!"

Wanaume waliokataa miaka miwili kushika jembe kwa ajili ya kile kisima walishika mawe mara moja. Ajabu ya nguvu za watu wetu! Tulishuka kisimani, tukarusha wote. Na mimi, msomi, nilirusha la kwanza. Kile kitu kikaanguka, kikapiga yowe kama binadamu, tukasema mizimu ina hila. Kikajiburuta ndani ya mafunjo upande wa Kongo. Baiskeli yake tuliitupa kisimani, tukarudi kunywa.

Bibi alisubiri kwa chifu mpaka jua likageuka. Shahidi hakuja. Nilipomweleza, alikifungua tu kile kitenge akakikunja. Jirani alilima juu ya Babu msimu ule ule. Bibi alihamia kwa shangazi, akafa huko, akazikwa kwa wakwe wa shangazi kama mgeni. Kisima mpaka leo kina baiskeli, na wanawake wa Abuku wanatembea mara mbili ya njia kuchota maji.

Na mimi? Nilikitembeza kisa hiki miaka mitano kama medali. Kila kwete ilikiongezea urefu. Mwisho kile kitu kilikuwa na macho manne.

Onyo langu nalitoa hapa, maana mwisho wa kisa mdomo wangu unafungwa. Ukimkuta mtu anafanya kazi ya watu wote bila kuitwa, kabla hujaokota jiwe, zunguka umtazame usoni. Na kama kwenu mtu wa namna hiyo lazima awe amekufa, chunguzeni harufu yenu wenyewe.

Mwaka wa sabini na tisa vita ilipotufikia, tulikimbilia Kongo. Siku ya pili nilikuwa nakunywa maji ya kisima safi, kilichopangwa mawe pembeni, nikawasimulia wakimbizi wenzangu juu ya mzimu wangu. Mwanamke mmoja wa pale akasema, "Mutu ule ule wa majina? Si ndiye huyu anakuja. Kisima hiki ni kazi yake."

Alikuwa anachechemea kwa fimbo, jembe begani. Nikapiga magoti, nikasema jina la babu yangu. Alizunguka, akanisogezea sikio la kulia, nikarudia.

"A, mjukuu wa Wani," alisema. "Bibi alishinda?"

"Hapana, Mzee."

Alipangusa jembe.

"Nilifika mapema siku ile, nikaona kisima kimeziba," alisema. "Chini kuna udongo mweupe. Sikio hili la kushoto halisikii. Na daftari sina, kwa hiyo nilikuwa nakariri majina yenu, nisikosee kesho yake mbele ya chifu."