Mtunza Ghala na Wezi wa Treni

Mtunza ghala wa hospitali ana kitabu kinene cha zama za Malkia Viktoria, cha mabwana wenye kofia ndefu wanaopanga kuiba dhahabu ndani ya treni. Hulamba kidole, hufunua ukurasa, hucheka peke yake. Mwenye shida ya glavu husubiri dirishani mpaka sura iishe, hata akiwa katumwa mbio kutoka chumba cha upasuaji. Wezi wale anawapenda kama wajomba zake. Lakini yule mlinzi wa stesheni aliyeacha funguo kabatini, wezi wakazigandamiza kwenye nta na kuchonga zao, hamhurumii hata chembe. "Bwege yule," humnong'oneza kila anayekuja kuomba pamba. "Funguo ni roho. Nani anaacha roho yake kabatini akaenda zake?"

Leo alitoka kunywa chai, akakawia, maana alipata wa kumsimulia. Aliporudi alimkuta mama wa usafi kasimama mlangoni, funguo zote za ghala mkononi.

"Kaka, nimezikuta katikati ya kitabu chako, hapo dirishani."

Akazipokea, akakunja uso.

"Sasa umezichomoa," akasema, "nitajuaje nilikuwa nimefika wapi?"