Kidari cha Kaka

Walimwita Bi Futi kwa sababu futikamba haikumtoka shingoni, hata akienda sokoni. Alikuwa fundi wa sare za shule, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, tena mwoga kupindukia: mbwa, radi, milango ikijibamiza. Alishona katika chumba kimoja na kaka yake mkubwa, aliyekuwa akipiga pasi. Kaka alikuwa mtu wa mzaha. Akimwona mdogo wake ameruka kwa mlio wa tairi barabarani, humwambia, "Wewe utakufa kwa kushtuka tu."

Asubuhi moja sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa. Kaka alivua viatu, akashika pasi yenye waya uliochubuka. Bi Futi akasikia sauti kama ya mtu aliyekabwa koo. Kugeuka, kaka amekakamaa, pasi imemganda mkononi. Miguu ilitaka kumkimbilia. Badala yake Bi Futi aliirukia swichi kubwa ya ukutani, akaishusha. Kaka akaanguka chali, puu!

"Kaka! Kaka we!"

Kifua hakikupanda.

Miezi miwili nyuma, muuguzi mmoja aliwafundisha mafundi wa mtaa ule huduma ya kwanza, akawaambia wajipapase kifuani. "Mfupa huu wa katikati ni kidari. Ufikirieni kama tai ya shingoni. Juu, chini ya koo, pana kipande kipana. Hilo ndilo fundo. Kisha kipande kirefu, na mwisho kabisa ncha ndogo ya gegedu, laini kama ukingo wa sikio, ingawa huwa ngumu mtu akizeeka. Hiyo ncha msiibonyeze kamwe, ini liko karibu. Bonyezeni juu yake, kwenye nusu ya chini ya kile kipande kirefu." Wenzake walitekenyana wakicheka. Bi Futi alijipapasa, akaingiwa na woga, maana hakuwahi kujua kwamba ana ncha humo.

Sasa alikuwa amepiga magoti, vidole juu ya shati la kaka, vikiitafuta ncha. Akaipata. Akapanda juu upana wa vidole viwili, akaweka kitako cha kiganja, mkono wa pili juu yake, akabonyeza kwa uzito wake wote.

"Piga simu, ita gari la wagonjwa!" alimwambia mteja aliyekuja kuchukua sketi, aliyeduwaa mlangoni.

Alipohesabu kumi na tano, kitu kikalia chini ya mikono yake: kwa! Kama kijiti kikavu.

Mikono ikaganda.

"Mwache, dada! Unamvunja!" mteja alipiga kelele, simu sikioni.

Nimemuua, Bi Futi alijisemea. Umeme ulimwacha nusu, mimi nimemmalizia. Lakini alipomtazama usoni aliona midomo imekuwa ya kijivu, na hofu hiyo ikaishinda ile ya kwanza. Akaendelea. Kila alipobonyeza alihisi vitu vikisagana humo ndani. Alihesabu huku akilia, hata hesabu ikampotea, akaianza upya.

Kisha kaka akakoroma. Akavuta pumzi moja mbaya, ya kukwaruza. Akavuta nyingine.

Hospitalini wifi yake, mke wa kaka, alifika mbio, kanga imemvuka begani.

"Naambiwa umemvunja mume wangu kifua."

"Ndiyo, wifi."

"Amekukosea nini?"

Wakakaa kwenye benchi, kila mmoja pembeni kwake, wakitazama mlango uliofungwa. Saa mbili nzima Bi Futi alikuwa akijiona mahakamani, akijiona makaburini.

Daktari alipotoka aliuliza, "Nani aliyembonyeza?"

Bi Futi akainua kidole kama mwanafunzi mwenye kosa.

"Mbavu hazishikani na kidari moja kwa moja," daktari alisema. "Katikati kuna gegedu, ndilo linalokiacha kifua kitanuke ukivuta pumzi. Kwa mtoto hupinda. Kwa mtu wa umri wake limeshakakamaa, huweza kukatika. Mawili yameachia, na kidari kina ufa mwembamba. Vitaunga, ingawa ataumia wiki nyingi. Ini ni zima."

"Kwa hiyo sikumuua?"

"Mama, moyo wake ulikuwa umesimama. Bila wewe tusingekuwa na mgonjwa."

Wifi akaangua kilio, akamvuta Bi Futi kwa nguvu hata akamwumiza shingo.

Kaka alirudi nyumbani akikohoa huku amekumbatia mto, akimlaani kila aliyemchekesha. Bi Futi alikwenda kila mchana. Siku moja alimkuta amesinzia kitini, akainama taratibu, akasogeza sikio kifuani pake.

Kaka akafumbua jicho moja. "Bado nipo."

"Najua."

"Basi toka hapo, unanielemea."

Hakutoka.